Kapu la Malimbuko Halikwenda Peke Yake

Jumapili ya mavuno katika sharika za Kilimanjaro, baraka ya mwisho haimrudishi mtu nyumbani. Waumini hutoka nje wakasimama nusu duara mbele ya kanisa, na mzee wa kanisa mwenye sauti ya kufika mbali hupanda juu ya benchi. Miguuni pake kuna mikungu ya ndizi mshare, debe la mahindi, magimbi ambayo bado yana udongo, miwa iliyofungwa kwa kambaa za mgomba, kuku wawili waliolazwa ubavu, chupa ya maziwa, beseni la maparachichi. Vyote vimepita madhabahuni kwanza. Sasa vinanadiwa.

Anaanza na yai. Yai moja tu, lililoletwa na mtoto wa Shule ya Jumapili. Mmoja anataja shilingi mia tano, mwingine elfu, mwingine elfu mbili, na mzee anahesabu moja, mbili, tatu. Aliyeshinda analipa, analipokea yai, kisha anasema neno ambalo kila mtu alikuwa akilisubiri: narudisha. Yai linapanda tena mnadani. Linanunuliwa na kurudishwa mara tatu, mara nne, mpaka thamani yake inapita ya trei nzima, na mnunuzi wa mwisho anaagiza lipelekwe kwa bibi fulani wa mtaa wa chini ambaye miguu imemkatalia kupanda hadi kanisani. Mkungu nao unapewa mjane aliyesimama pale pale. Jogoo anakwenda kwa mwinjilisti. Watu wanacheka, wanataniana ukoo kwa ukoo, na mtunza hazina anaandika haraka asiachwe nyuma.

Asiyezoea ataona ni mbinu ya kuchangisha fedha, na kweli fedha zinapatikana. Lakini nimeutazama mnada huu tangu utotoni, na kadiri ninavyozidi kuisoma Biblia ndivyo ninavyoamini kwamba wakulima hawa wameshika kitu ambacho mahubiri mengi ya sadaka tunayoyasikia leo yamekiacha njiani. Kitu hicho kimeandikwa wazi katika sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati.

Sura hiyo inaeleza namna Mwisraeli alivyopaswa kuleta malimbuko. Anachukua sehemu ya kwanza ya mazao ya shamba lake, anaiweka kapuni, anakwenda mpaka mahali pa ibada na kumkabidhi kuhani. Kuhani analiweka kapu mbele ya madhabahu. Hapo ndipo mkulima anapofungua kinywa, na anayosema hayahusu shamba lake hata kidogo. Anasimulia habari za babu yake: mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache, akawa taifa, akatumikishwa, akalia, akasikiwa, akatolewa kwa mkono wenye nguvu na kuletwa katika nchi hii. Baada ya simulizi hiyo yote ndipo anaposema kwamba sasa, basi, ameleta malimbuko ya ardhi aliyopewa.

Tazama alichokiacha. Hasemi alilima kwa bidii, wala hataji jembe, mbegu, palizi au usiku aliokesha kulinda shamba. Mkulima yeyote anajua jasho lililoingia katika kapu lile, lakini siku ya kulileta analiweka kando na kuanza na utumwa. Anayeanza na utumwa hawezi kumaliza na majivuno. Sadaka yake ni jibu la jambo lililokwisha kutendwa, wala hainunui chochote.

Na mambo hayaishii hapo. Kapu likishawekwa chini, andiko linaagiza karamu: mkulima afurahie mema yote aliyopewa, yeye na nyumba yake, pamoja na Mlawi asiye na shamba na mgeni anayeishi katikati yao. Mbele ya kapu pana simulizi, nyuma yake pana meza. Ondoa simulizi, kapu linakuwa kodi. Ondoa meza, linakuwa rushwa kwa Mungu. Haya ndiyo ninayotaka kuyasema katika makala hii, kwa sababu naona makanisani kwetu kapu limebaki na vile viwili vinapotea.

Wayahudi wa baadaye waliyatunza maelezo ya safari ile ya malimbuko, nayo yamo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Watu wa wilaya walikusanyika katika mji mmoja, wakalala barabarani, alfajiri wakaamshwa kwenda Yerusalemu kwa pamoja. Mbele yao alitangulia ng'ombe dume aliyepakwa dhahabu kwenye pembe na kuvikwa taji la mzeituni. Filimbi iliwasindikiza njia nzima. Walipoingia mjini, mafundi waliacha kazi zao na kusimama kuwasalimu kwa jina la mji walikotoka. Tajiri alikuja na kapu la fedha au la dhahabu, maskini na kapu la fito za mierebi zilizomenywa ganda. Na walipofika mlima wa Hekalu, hata mfalme Agripa, inasema Mishna, alichukua kapu begani mwake mwenyewe.

Katika maelezo hayo kuna jambo dogo ambalo nalipenda kuliko pembe zile za dhahabu. Hapo awali, anayejua kuisoma ile simulizi aliisoma mwenyewe, na asiyejua alitamkiwa neno kwa neno akafuatisha. Matokeo yake wasiojua wakaanza kuona aibu, wakaacha kuleta malimbuko. Wakuu wa dini wangeweza kuwakemea. Wangeweza kuwatoza faini. Walichoamua ni kwamba tangu siku hiyo kila mtu atamkiwe, anayejua na asiyejua. Msomi alishushwa ili asiyesoma asibaki nyumbani.

Inasimuliwa pia kwamba ndani ya Hekalu kulikuwa na chumba kilichoitwa chumba cha siri. Wenye kumcha Mungu waliweka humo sadaka bila kuonekana, na maskini wa familia zilizokuwa za heshima zamani waliingia na kujichukulia msaada, pia bila kuonekana. Aliyetoa hakumjua aliyepokea, wala aliyepokea hakujua amshukuru nani isipokuwa Mungu.

Sasa tuje kwetu. Katika makanisa mengi ya Tanzania na Kenya kila mshirika ana namba na bahasha. Bahasha ya ahadi, bahasha ya jengo, bahasha ya mavuno, zaka, na mara nyingine mchango wa gari la mchungaji. Sina ugomvi na bahasha. Inamsaidia mtu kupanga, na Paulo mwenyewe aliwaagiza Wakorintho kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma kadiri alivyofanikiwa, ili pasiwe na michango ya kukimbizana atakapofika. Tatizo linaanza pale orodha inapobandikwa ubaoni ikiwa na majina na viwango, au inaposomwa kwa sauti kuanzia aliyetoa laki tano kushuka hadi kwa wale ambao majina yao yanafuatwa na kimya. Mama anayeuza mchicha kwenye karai, ambaye mwezi huo mtoto alilazwa, anasikia namba yake ikipita bila kitu. Jumapili inayofuata haonekani. Akiulizwa anasema anaumwa kichwa.

Wenzetu wa zamani walipoona aibu inawafukuza watu madhabahuni waliubadilisha utaratibu. Sisi katika sehemu nyingine tumeifanya aibu kuwa njia yenyewe ya kukusanyia. Na inakwenda hadi makaburini. Kila aliyeishi katika jamii zetu za Kikristo amewahi kusikia, au kushuhudia, msiba ambao mchungaji alichelewa kufika kwa sababu kadi ya michango ya marehemu ilikuwa na mapengo, wana ukoo wakachanga pale pale chini ya turubai kulipa madeni ya mtu ambaye jeneza lake liko sebuleni. Najua hoja inayotolewa: kanisa ni la wanachama, na mwanachama ana wajibu. Lakini mtu aliyebatizwa hakujiunga na chama cha kuweka na kukopa. Marehemu yule alikuwa na simulizi ya kutolewa utumwani kama wengine wote, na siku ya kuisimulia kwa mara ya mwisho ndiyo hiyo iliyogeuzwa siku ya hesabu.

Wanaotetea ukali huu hukimbilia kwa mjane wa Injili ya Marko. Alitoa sarafu mbili ndogo za shaba, zote alizokuwa nazo. Kwa hesabu za wakati ule, sarafu hizo mbili zilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, na dinari ulikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Mchukue kibarua wa leo anayelipwa shilingi 10,000: mjane alitoa kama shilingi 156. Bei ya pipi chache. Yesu akasema amewapita matajiri wote.

Ni kweli, na hakuna andiko linalonigusa zaidi. Lakini lisomeni kuanzia mistari michache juu yake. Yesu ametoka kuwaonya watu dhidi ya walimu wa dini wanaopenda mavazi marefu na viti vya mbele huku wakila nyumba za wajane. Halafu anaingia mjane, maskini kabisa, akiwekea sanduku la Hekalu riziki yake ya mwisho. Na mara tu baada ya hapo, wanafunzi wanapostaajabia mawe ya Hekalu, Yesu anawaambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Moyo wa mama yule aliusifu. Mfumo uliomwacha bila kitu hakuusifu hata kwa neno moja. Anayelihubiri andiko hilo ili mjane wa leo atoe zaidi, bila kujiuliza mjane huyo atakula nini jioni, amesimama upande wa wale wenye mavazi marefu.

Nabii Malaki naye ameteseka vivyo hivyo mikononi mwetu. Mistari yake juu ya fungu la kumi na madirisha ya mbinguni imebandikwa kwenye mabango na kupigiwa debe redioni. Ni nadra kusikia mstari wa tano wa sura hiyo hiyo ya tatu, ambapo Mungu anasema atakuja upesi kuwahukumu wanaomnyima kibarua ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni haki yake. Ni nadra pia kuelezwa ghala ambamo fungu hilo lilipelekwa lilikuwa la nini. Kitabu cha Nehemia kinasaidia: Walawi hawakuletewa sehemu zao, wakaacha huduma na kurudi kulima mashamba, na Nehemia akarudisha utaratibu kwa kuweka watunza ghala waliojulikana kuwa waaminifu, kazi yao kuwagawia ndugu zao. Lilikuwa ghala la nafaka, mafuta na divai kwa watu wasio na ardhi. Mwajiri anayemcheleweshea mfanyakazi wa ndani mshahara wa miezi mitatu kisha akapeleka fungu la kumi kamili, kwa kipimo cha Malaki, bado ni mwizi.

Kisha kuna mahubiri ya kupanda mbegu. Toa laki upokee milioni, toa kiwanja upewe nyumba, mpandie mtumishi ili ufunguliwe. Nimewaona watu wakitoa ada ya shule ya mtoto kwa ahadi kama hiyo. Ninawahurumia sana, maana wengi wao walikuwa wamebanwa na ugonjwa au deni na hawakuona mlango mwingine. Hasira yangu iko kwa anayehubiri. Mahubiri hayo yameng'oa simulizi kutoka mbele ya kapu na kuweka mkataba mahali pake. Anayetoa hakumbuki alikotolewa, anapiga hesabu ya atakachopata, na Mungu amegeuzwa mdeni. Zaburi ya 50 iliishughulikia fikra hiyo zamani sana: Mungu anasema hata kama angeona njaa asingetuambia, maana dunia yote na vyote viijazavyo ni vyake.

Wakoma kumi wa Injili ya Luka wananisaidia hapa. Tunapenda kuwalaumu wale tisa, lakini hawakuvunja amri yoyote. Waliagizwa wakajionyeshe kwa makuhani, wakaenda. Walitii kama alivyoamriwa mtu yeyote aliyetakasika. Yule wa kumi, Msamaria, alirudi bila kuagizwa. Fungu la kumi linaweza kutolewa kwa utiifu wa wale tisa, likahesabiwa, likaandikwa, likatosha. Shukrani ni kule kurudi njia yote bila kuitwa. Huwezi kuiwekea kiwango, wala kuidai kwa barua.

Ndiyo maana Paulo, alipokuwa akiwachangia maskini wa Yerusalemu katika miaka ya 50 ya karne ile ya kwanza, hakutaja asilimia popote. Sura ya nane na ya tisa za waraka wake wa pili kwa Wakorintho ni maelezo marefu kuliko yote ya Agano Jipya juu ya kutoa, na fungu la kumi halimo. Alichofanya ni kuwasimulia habari za makanisa ya Makedonia, watu wa Filipi na Thesalonike, waliokuwa katika dhiki kali na umaskini wa kutupa, ambao waliomba kwa kusisitiza wapewe nafasi ya kuchangia. Sikilizeni tena: waliomba wao. Maskini waliwasihi mitume wasiwaruke. Kisha akawakumbusha Wakorintho simulizi yenyewe, ya Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao. Akasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa.

Na huyu mtume aliyeandika maneno mazito hivyo juu ya neema alikuwa mwangalifu kupita kiasi katika mambo ya hesabu. Hakuibeba fedha ile peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na ndugu wa tatu juu yao, akieleza wazi kwamba hataki mtu yeyote awe na la kuwalaumu katika ukarimu ule, na kwamba wanajali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Ningependa kila kamati ya fedha ianze kikao kwa kusoma aya hizo. Mahali pengine kuuliza mapato na matumizi kunahesabiwa kuwa uasi, eti ni kumgusa mpakwa mafuta. Paulo alipakwa mafuta kuliko wengi, na aliomba aangaliwe.

Meza ile ya nyuma ya kapu iliendelea. Justino Shahidi, akimwandikia Kaisari Antonino Pio kutoka Roma miaka mia moja hivi baada ya Paulo, alieleza ibada ya Jumapili ilivyokuwa: masomo, mahubiri, maombi, mkate na divai, kisha wenye uwezo wanatoa kadiri wapendavyo, na kinachokusanywa kinawekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Waliokosa kuja walipelekewa mkate majumbani. Yule bibi wa mtaa wa chini anayepelekewa yai yumo katika desturi ya siku nyingi.

Huku Afrika Mashariki simulizi yetu ya kutoa ina kipande chake chenye uchungu. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha na Wajerumani wakaondolewa nchini mwaka 1920, walimu na wazee Waafrika ndio waliozishika sharika mpaka Waluteri kutoka Marekani walipokuja kusaidia. Vita vya pili vikaleta uyatima huo huo. Baadaye fedha ya kahawa ililipa ada za watoto na kuezeka makanisa mengi mlimani. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana Juni 1963 kuwa kanisa tunalolijua leo kama Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), chini ya uongozi wa Stefano Moshi wa Kilimanjaro, waumini wake walikuwa wamekwisha kuonja maana ya kubeba kanisa lao wenyewe.

Kwa upande wa Kenya, mwaka 1971 mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama huko Milwaukee nchini Marekani na kuwaambia wenyeji wake kwamba wakati umefika wamisionari warudi kwao na fedha za nje zisimame kwa muda, Waafrika wajitambue. Wengi walikasirika. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lililokutana Lusaka likaunga mkono wito huo, na kanisa lake likashika neno jitegemea kama bendera. Mara nyingi Gatu hukumbukwa kama mtu aliyewakataa wageni. Kwangu alikuwa anadai haki ya Wamakedonia: haki ya maskini kuhesabiwa miongoni mwa watoaji. Mtu anayepewa siku zote, na zawadi yake haipokelewi kamwe, amenyimwa nusu ya utu wake.

Lakini kujitegemea nako kuna majaribu yake, na harambee imetufundisha. Desturi hii ya Kenya ya kuchanga pamoja, aliyoifanya Jomo Kenyatta kuwa mwito wa taifa tangu 1963, imejenga shule na zahanati zisizo na idadi. Imempa pia mwanasiasa jukwaa la Jumapili. Anakuja na msafara, anapewa kipaza sauti, kitita kinahesabiwa mbele ya kamera, na waumini wanapiga makofi bila kuuliza kimetoka mfuko gani. Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria ibada katika parokia ya Kikatoliki ya Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2 za Kenya kwa ajili ya nyumba ya mapadre na 600,000 kwa kwaya na baraza la parokia, na kuahidi nyingine. Siku iliyofuata Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Nyumba ya mapadre ilikuwa inahitajika kweli. Ulikuwa uamuzi mgumu, na naamini ulikuwa sahihi. Mfalme Daudi alipopewa bure uwanja wa Arauna, ng'ombe na kuni juu yake, alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Parokia inayojengewa na mwenye madaraka inanyang'anywa nafasi hiyo ya kugharimika, halafu Jumapili yoyote yenye mambo mazito ya kusema inajikuta na deni mdomoni.

Siku hizi sadaka nyingi hupita kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na sasa namba ya kulipia sadaka imebandikwa mlangoni mwa makanisa mengi ya mjini. Kijana aliye Doha au Muscat anatuma mavuno yake kijijini kabla ibada haijaisha. Nalifurahia hilo. Simu imeturudishia kitu cha chumba cha siri, maana jirani wa benchi hajui umetuma ngapi. Inachoshindwa ni kutukutanisha. Ujumbe wa kuthibitisha malipo hausimulii chochote, na hauketi na mtu mezani. Kijana huyo akipiga simu baada ya kutuma, akamwambia mchungaji asome mbele ya watu kwamba anashukuru kwa sababu mkataba uliokuwa umemtesa miaka miwili umekwisha salama, sadaka yake imepata sauti. Sharika kadhaa za mjini zimeanza kutoa dakika tano kwa shukrani za namna hiyo, bila kutaja kiwango cha mtu. Dakika tano hizo zina faida kuliko nusu saa ya kuhimiza.

Kwa wale wanaouliza waanzie wapi, Biblia hiyo hiyo inatoa mpangilio unaoshangaza. Yesu alisema ukiwa madhabahuni na zawadi mkononi ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale pale, nenda mkapatane kwanza. Aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi wao. Mtu anayepigiwa makofi kwa ahadi ya jengo huku baba yake kijijini anakosa dawa ya presha yumo katika mstari huo. Na Zakayo, siku wokovu ulipoingia nyumbani mwake, aligawa mali yake kwa mpangilio wa wazi: nusu kwa maskini, na aliowadhulumu akawarudishia mara nne. Hekalu hakulitaja, na Yesu hakumwuliza.

Kuna sheria moja katika sura ya 14 ya Kumbukumbu la Torati ambayo sijawahi kuiona ikitekelezwa katika kanisa lolote, na ningetamani sana ijaribiwe. Kila mwaka wa tatu, fungu la kumi lote la mwaka huo halikupelekwa mahali pa ibada. Lilibaki malangoni mwa mji, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Chukua usharika unaokusanya shilingi milioni 30 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni milioni 90, na kwa kipimo hicho milioni 30 kati ya hizo zingebaki mtaani: bima za afya za wazee wasio na watoto, sare na madaftari, mahindi ya kaya zilizokosa mvua, nauli ya mama anayempeleka mtoto kliniki ya rufaa. Katika bajeti nyingi nilizozipitia, fungu la diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, ni mstari mmoja mwembamba karibu na mwisho, baada ya ujenzi, usafiri na posho za vikao. Mwanzoni mwa mwaka sharika nyingi huitisha mkutano wa kupokea hesabu, na ajenda zake huwa na kipengele cha mengineyo. Mshirika yeyote, mwenye bahasha iliyojaa au yenye mapengo, anaruhusiwa kunyoosha mkono hapo na kuuliza mstari ule ulikuwa na shilingi ngapi, na ulimfikia nani.